Kujitungia fani kuu chuo kikuu: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Tanga

Mtu anayetaka kujua kama pweza wanapungua kwenye miamba ya Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, na kwa nini, ana swali moja ambalo majibu yake yametawanyika vitivo vinne. Uzazi wa pweza uko kwa watu wa biolojia. Bei inayomfanya mvuvi amchokoe angali mdogo iko kwa watu wa uchumi. Suala la nani ana mamlaka ya kufunga mwamba kwa miezi kadhaa liko kwa wanasheria, na namna ya kukaa na wazee wa kijiji ukapata maelezo ya kuaminika inafundishwa na wanaanthropolojia. Akichukua fani moja ya kawaida, atatoka na robo ya jibu.

Vipo vyuo vikuu vinavyomruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kujitungia fani kuu, au meja kama wengi wanavyoiita. Anachagua kozi kutoka idara mbalimbali, anazipanga kuzunguka swali lake, anatafuta wahadhiri wa kumsimamia, kisha anaipeleka kamati iidhinishe. Utaratibu huu umeenea zaidi Marekani. Chuo Kikuu cha Brown kiliulegeza mtaala wake mwaka 1969, na tangu hapo mwanafunzi anaweza kupendekeza fani yake mwenyewe. Chuo Kikuu cha New York kilianzisha mwaka 1972 kitengo ambacho leo kinaitwa Gallatin, na humo kila mwanafunzi hujitungia. Chuo Kikuu cha Indiana nacho kina programu yake. Ulaya, chuo kidogo cha University College Utrecht nchini Uholanzi, kilichoanza mwaka 1998, humwachia mwanafunzi apange sehemu kubwa ya kozi zake. Vyuo vya Tanzania havina mlango huo, lakini kuna njia ya kuukaribia, na tutaifikia mbele.

Jambo moja lishike tangu mwanzo, maana mwongozo wote unalizunguka: kamati hazikatai fani kwa sababu ni ngeni. Zinakataa kwa sababu imejaa mada na haina mbinu. Mwanafunzi anakusanya kozi 12 zenye neno "bahari" kwenye jina, halafu hakuna hata moja inayomfundisha kupima, kuhesabu au kuhoji.

Nani asijitungie

Kama kazi unayoitaka inalindwa na bodi ya taaluma, chukua fani ya kawaida. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka shahada ya uhandisi inayotambulika. Shule ya Sheria Tanzania inataka shahada ya sheria. Udaktari, uuguzi na ufamasia ni hivyohivyo. Hakuna insha nzuri itakayombadilisha msajili wa bodi.

Usijitungie pia kwa kukimbia kozi ngumu. Kamati huligundua hilo mapema: wakiona fani ya mazingira isiyo na takwimu wala kemia, swali lao la kwanza litakuwa hapo.

Hatua ya 1: Andika swali, siyo mada

"Bahari na jamii" ni mada. "Vijiji vya pwani vinawezaje kusimamia uvuvi wa miambani bila kuwanyima kipato wanaoutegemea?" ni swali. Tofauti yake ni kwamba swali linakutajia lenyewe kozi unazozihitaji, na pia linakutajia zile usizozihitaji hata kama zinakuvutia.

Liandike kwa sentensi moja isiyozidi maneno 25. Kisha lisome mbele ya watu watatu: mmoja wa sayansi, mmoja wa masomo ya jamii, na mmoja anayeishi na jambo lenyewe, kwa mfano mvuvi au mama anayelima mwani. Kama yule wa tatu anakuuliza "sasa unataka kujua nini hasa?", bado. Lichonge tena.

Kazi hii ifanywe ukiwa bado Tanga. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi na uangalie kinachoshushwa na kwa chombo gani. Andika majina ya zana kama yanavyotamkwa: jarife, dema, juya, mshipi, mkuki. Jua kwamba mwaka 2009 ilitangazwa hifadhi ya bahari hapa, Hifadhi ya Silikanti, baada ya samaki huyo wa kale kunaswa mara kwa mara kwenye majarife ya papa yaliyotegwa maji ya kina kirefu. Jua pia kama kijiji chako kina kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, BMU, na viongozi wake ni nani. Mwanafunzi anayefika chuoni na daftari la namna hii ana kitu ambacho wenzake darasani hawana, na wahadhiri hukiona upesi.

Hatua ya 2: Thibitisha kuwa fani zilizopo hazitoshi

Kila fomu ya maombi itakuuliza: kwa nini usichukue fani iliyopo na kuongeza fani ndogo, au usichukue fani mbili kwa pamoja? Usijibu kwa hisia. Chora jedwali. Kushoto weka kozi unazozihitaji. Juu weka njia tatu zilizo karibu zaidi: mathalani biolojia ya bahari pekee, biolojia ya bahari na fani ndogo ya uchumi, sayansi ya mazingira na fani ndogo ya sera za umma. Weka alama kila njia inapokupa kozi husika.

Njia moja ikifunika kozi tisa kati ya 12, ichukue hiyo na uachane na maombi. Tunasema hivi kwa dhati: fani ya kawaida yenye fani ndogo iliyochaguliwa vizuri ni rahisi kueleweka na mwajiri, na inakupunguzia mwaka mzima wa makaratasi. Zikifunika sita au saba tu, una hoja, na jedwali hilo liende kwenye andiko lako la maombi kama lilivyo.

Hatua ya 3: Anza na mbinu

Kabla hujachagua kozi hata moja ya mada, chagua nne za mbinu. Kwa mfano wetu wa pwani ni hizi: takwimu za msingi, takwimu za juu au uchambuzi wa data kwa programu ya R, ramani za kompyuta, yaani GIS, na mbinu za mahojiano na utafiti wa jamii. Anayetunga fani ya uhifadhi wa majengo ya kale, labda kwa ajili ya magofu ya Tongoni, atakuwa na nyingine: upimaji na uchoraji wa majengo, kemia ya vifaa kama chokaa na matumbawe, utafiti wa nyaraka, na mbinu za akiolojia.

Nne ni kadirio letu. Tatu zinaweza kutosha kama moja ni ya ngazi ya juu. Mbili hazitoshi.

Hatua ya 4: Jedwali la kozi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ina krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), na kozi ya kawaida ina krediti tatu au nne. Fani kuu huchukua sehemu tu ya hizo, zilizobaki ni masomo ya jumla na ya hiari. Kila chuo kina kiwango chake cha chini na sharti la kozi ngapi ziwe za ngazi ya juu. Soma kanuni za chuo chako mstari kwa mstari. Mfano wa fani ya krediti 42:

Mbinu, krediti 12: zile kozi nne za hatua ya 3.

Sayansi, krediti 12: ikolojia, biolojia ya bahari, sayansi ya bahari yenyewe, yaani mikondo, joto na kemia ya maji, na ukadiriaji wa akiba ya samaki.

Uchumi, utawala na sheria, krediti 12: uchumi wa maliasili, usimamizi wa rasilimali za pamoja, sheria ya mazingira, na anthropolojia ya jamii za pwani au kozi inayofanana nayo. Kwenye kundi hili utakutana na kazi ya Elinor Ostrom, aliyefundisha Indiana na kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha jinsi jamii zinavyoweza kusimamia malisho, maji na uvuvi wa pamoja kwa kanuni zao wenyewe. Kwa mtu wa Tanga anayeijua BMU, kozi hiyo ndiyo inayounganisha zile nyingine zote.

Mradi wa mwisho, krediti 6, kwa mihula miwili.

Sasa mtego. Ukadiriaji wa akiba ya samaki hauchukuliwi hivihivi. Utaambiwa uwe umemaliza ikolojia na takwimu. Ikolojia nayo inataka biolojia ya jumla ya kwanza na ya pili. Sayansi ya bahari inataka kemia. Uchumi wa maliasili unataka misingi ya uchumi. Hizo kozi tangulizi hazimo kwenye krediti zako 42, ila lazima uzisome. Zinaweza kuongeza krediti 15 au zaidi. Kozi ya juu inaweza kuwa na mnyororo wa mihula minne nyuma yake, na ukiugundua mwaka wa tatu umeshachelewa. Kwa hiyo kila kozi unayoiandika, fuata mnyororo wake kwenye kitabu cha kozi mpaka ufike kozi isiyodai chochote.

Jedwali lako liwe na safu saba: jina na namba ya kozi, idara, krediti, ngazi, kozi tangulizi, mara ya mwisho ilipofundishwa, na kozi mbadala. Safu ya sita wengi huiacha, nayo ndiyo inayowaangusha. Kitabu cha kozi huwa na majina ambayo hayajafundishwa kwa miaka, kwa sababu mhadhiri aliondoka au wanafunzi hawakutosha. Fungua ratiba za mihula sita iliyopita. Kozi iliyoonekana mara moja tu usiitegemee. Iliyoonekana kila mwaka muhula uleule, ipange muhula huo. Safu ya saba ijazwe kwa kila kozi bila kuruka: kamati nyingi huomba mbadala, na hata zisipoomba utazihitaji.

Halafu panga muhula kwa muhula mpaka kuhitimu. Usiweke kozi mbili za maabara na takwimu za juu kwenye muhula mmoja. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni Marekani, anatakiwa kuwa na angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida, na katika hizo kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti tatu, ndiyo inayohesabika. Pia mwambie mshauri wa wanafunzi wa kigeni mara fani yako inapobadilika, maana jina la fani limeandikwa kwenye I-20, fomu unayopewa na chuo kwa ajili ya viza, na lazima lirekebishwe.

Hatua ya 5: Kumpata msimamizi

Utahitaji mhadhiri mmoja hadi watatu, na wakiwa zaidi ya mmoja watoke idara tofauti. Chagua wale uliokwisha soma kozi zao ukafanya vizuri. Jina kubwa lisilokufahamu halina faida. Utakaporudi mwaka wa nne na tasnifu ya kurasa 60, anayekujua ndiye atakayeisoma.

Uliza mambo mawili kabla hujamwomba: je, ameajiriwa kwa kudumu au kwa mkataba wa muda? Na je, ana likizo ya utafiti katika miaka yako miwili iliyobaki? Msimamizi akiondoka kabla ya mradi wa mwisho, inabidi urudi kamati.

Barua pepe ya kwanza iwe fupi. Sisi wa pwani tumelelewa kuanza na salamu, hali, na samahani kwa usumbufu kabla ya shida yenyewe, na kwa mzee wa Kigombe huo ndio uungwana. Mhadhiri wa Marekani anayepokea barua nyingi kwa siku ataisoma aya ya kwanza na kuifunga. Mwite "Profesa" na jina la ukoo, kisha sentensi nne: wewe ni nani na uko mwaka gani, swali lako, lile la maneno 25, kozi yake uliyoisoma na kitu kimoja mahususi ulichokipata humo, ombi la dakika 20 katika saa zake za ofisi. Ambatisha ukurasa mmoja wenye swali na jedwali. Usipojibiwa kwa siku saba, kumbusha mara moja. Usipojibiwa tena, nenda mlangoni katika saa hizo.

Ukikaa naye, usimuulize kama wazo ni zuri. Muulize: "Kozi gani hapa ungeitoa, na gani inakosekana?" Mhadhiri aliyeifanyia marekebisho orodha yako ameshaanza kukusimamia.

Hatua ya 6: Andiko

Urefu hutofautiana chuo hadi chuo. Ukikuta kurasa tatu zimeruhusiwa, usipeleke tano. Mpangilio unaofanya kazi ni huu.

Aya ya kwanza ni swali na mahali linapotokea, kwa mambo ya kushikika. Usianze na "Tangu zamani binadamu amekuwa akitegemea bahari". Anza na kilimo cha mwani: aina iitwayo kotoni, yenye bei nzuri zaidi, hudhoofika na kuoza maji yanapopata joto kupita kiasi, na wakulima hulazimika kurudi kwenye spinosamu yenye bei ndogo. Hapo hapo msomaji ameona biolojia, hali ya hewa na uchumi katika jambo moja, bila wewe kutamka neno lolote la kisomi.

Sehemu ya pili, fani zilizopo zinaishia wapi, kwa kutumia jedwali la hatua ya 2. Andika kwa heshima. Anayesoma anaweza kuwa mkuu wa mojawapo ya idara hizo.

Sehemu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote. Eleza kila kundi la kozi linajibu kipande gani cha swali, na kundi moja linalisaidiaje jingine. Usieleze kila kozi peke yake kwa kunakili maelezo ya kitabu cha kozi. Kamati inayo tayari.

Sehemu ya nne, mradi wa mwisho: swali lake dogo, data zitatoka wapi, mbinu gani kati ya zile nne zitatumika, na nani atausimamia. Hapa aya mbili zinatosha kwa sasa.

Ya mwisho, unakwenda wapi ukihitimu. Sentensi tatu.

Wakati wa kupeleka ni mwaka wa pili, mara nyingi muhula wa pili wake. Ukipeleka mwaka wa kwanza hujawa na alama za kuonyesha, na ukifika mwaka wa tatu katikati vyuo vingi vimeshafunga mlango, kwa sababu wanataka fani isomwe baada ya kuidhinishwa, isije ikawa unahalalisha kozi ulizokwisha maliza.

Hatua ya 7: Jina la fani

Jina litakaa kwenye transkripti, yaani karatasi rasmi ya alama zako, maisha yako yote na litasomwa na watu ambao hawajawahi kusikia habari ya kujitungia fani. Wengi wao, kama unarudi nyumbani, watakuwa maofisa wa utumishi Dodoma, Dar es Salaam na Tanga mjini.

Fungua matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na usome sifa zinazotajwa kwa kazi unayoiwazia. Utaona majina ya fani yakiorodheshwa moja baada ya jingine, mara nyingi na kifungu cha "au fani nyingine inayolingana". Jina lako likae karibu na hayo. "Usimamizi wa Uvuvi na Rasilimali za Pwani" litaeleweka. "Mawimbi, Mamlaka na Maisha" litapendwa na kamati ya chuo lakini litakwama kwenye meza ya ofisa utumishi. Maneno manne hadi sita yanatosha.

Muulize msajili swali hili kwa maandishi: "Kwenye cheti na kwenye transkripti patachapishwa nini hasa?" Vyuo vingine huandika jina ulilojitungia, vingine huandika tu kwamba ni fani ya mwanafunzi binafsi. Kama chako ni cha aina ya pili, omba mapema barua rasmi itakayotaja jina kamili la fani na kozi zake.

Lipo pia jambo la pili lililojificha kwenye jina. Marekani kila fani ina namba ya uainishaji, inaitwa CIP. Mhitimu wa F-1 hupewa hadi miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, na mwenye fani iliyo kwenye orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati anaweza kuomba miezi 24 zaidi. Kinachoamua ni ile namba, wala siyo kozi ulizosoma. Fani za kujitungia mara nyingi hupewa namba ya jumla ya masomo mchanganyiko, 30.9999, au ya masomo huria, 24.0101, na zote mbili hazimo kwenye orodha hiyo. Mtu anaweza kuwa amesoma takwimu, oshenografia na GIS kwa miaka mitatu akakosa miezi 24 kwa sababu ya tarakimu sita. Uliza utapewa namba gani kabla ya kusaini, na kama chuo kinaruhusu namba inayoendana na uzito wa fani, iombe sasa. Kubadilisha baadaye ni kugumu.

Hatua ya 8: Mbele ya kamati

Ukiitwa, maswali huwa yaleyale: kozi gani ni ya lazima zaidi na kwa nini, utafanya nini msimamizi akiondoka, kozi ya ukadiriaji wa akiba isipofundishwa itakuwaje, mradi wako ukikosa data utaandika nini. Majibu ya baadhi ya hayo yako kwenye jedwali lako. Nenda nalo limechapishwa.

Kurudishiwa andiko ni jambo la kawaida. Mara nyingi wanataka kina zaidi, yaani kozi nyingi mno ni za utangulizi. Toa mbili za mwanzo, weka mbili za juu katika mbinu. Usiongeze tu, fani inayovimba kila inaporudishwa huonekana haina mwenyewe.

Mradi wa mwisho ukifanyika Tanga

Hii ndiyo sehemu ambayo wasimamizi wa ng'ambo hawawezi kukusaidia, kwa hiyo ipange wewe.

Likizo ndefu ya Marekani ni kati ya Mei na Agosti. Kwetu hicho ni kipindi cha kusi: upepo mkali, bahari chafu, ngalawa nyingi hazitoki mbali. Mwezi Mei mvua za masika bado zipo. Data zako zote zitakuwa za msimu mmoja, na ukiandika "uvuvi wa Kigombe" utakuwa umeandika uvuvi wa kusi peke yake. Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kuomba kumbukumbu za mavuno za miezi ya kaskazi, Novemba hadi Machi, kutoka BMU au kwa ofisa uvuvi, na kuzitumia kando ya zako. Ya pili ni kupunguza swali: liwe la kusi, na useme hivyo kwenye kichwa cha kazi.

Uvuvi wa pweza kwa miguu unafuata bamvua. Maji yanakauka vya kutosha kuzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kila baada ya wiki mbili hivi. Wiki 10 zina bamvua tano, na katika kila moja kuna siku chache tu za kazi nzuri. Nunua tiketi ya ndege ukiwa umeshika jedwali la maji kupwa na kujaa. Ukifika wakati wa maji mafu, wiki ya kwanza itumie kwenye vibali na mahojiano.

Vibali vipange hivi. Kamati ya maadili ya chuo chako iidhinishe maswali ya mahojiano kabla hujamhoji mtu hata mmoja. Data zilizokusanywa kabla ya idhini huwezi kuzitumia, na hilo halina msamaha. Watataka fomu ya ridhaa kwa Kiingereza na Kiswahili. Anza miezi minne kabla. Wasiliana na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ujue kama mradi wako unahitaji kibali cha utafiti. Kama eneo limo ndani ya hifadhi, ofisi ya Hifadhi za Bahari ipate barua yako. Kisha halmashauri, ofisi ya kijiji, na mwisho BMU wenyewe. Usiruke ngazi hata kama mwenyekiti ni mjomba wako. Akija kiongozi mwingine katikati ya kazi, barua yenye mhuri ndiyo itakayokusimamia.

Kijijini, ile salamu uliyoifupisha kwa profesa irudishe yote. Shikamoo kwa wazee, bwana na bibi kwa majina yao, na maswali yasianze na kipato. Anza na zana, halafu maeneo, halafu mabadiliko. Fedha ije mwisho, au isije kabisa siku ya kwanza.

Ukisoma Tanzania

Hapa kila programu ya shahada inaidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kabla ya kupokea wanafunzi, na wewe unaomba programu iliyokwisha tungwa. Hakuna fomu ya kujitungia. Ila ndani ya programu kuna nafasi tatu unazoweza kuzielekeza kwenye swali moja.

Ya kwanza ni kozi za hiari. Wanafunzi wengi huzichagua kwa kufuata marafiki au kwa sifa ya kutoa alama. Chora jedwali lile la hatua ya 4 katika wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, ukiweka kozi za hiari za miaka yote mitatu, na uulize idarani kama unaweza kuchukua kozi ya idara nyingine. Ikikubalika, kamilisha usajili ndani ya muda wa kubadilisha kozi mwanzoni mwa muhula. Ukipita, mfumo umefungwa. Ya pili ni mafunzo kwa vitendo: yaombe kwenye ofisi inayogusa swali lako, na barua ipelekwe mapema kabla nafasi hazijajaa. Ya tatu ni tasnifu ya mwaka wa mwisho. Zote tatu zikielekea upande mmoja, una kitu cha kuonyesha kinachozidi jina la programu.

Kanuni ya mbinu inabaki vilevile. Ukichagua kati ya programu mbili, chukua ile yenye takwimu na vitendo, kisha mada uipinde kuelekea pwani kwa kozi za hiari. Kinyume chake ni kigumu, kwa sababu takwimu huwezi kuziongeza baadaye kwa kusoma peke yako jioni. Anayefanya kazi na hawezi kuhama aulize kituo cha Chuo Kikuu Huria cha hapa Tanga, na alinganishe kozi za programu zake kwa jedwali hilohilo.

Cheti cha nje kinaporudi nyumbani

TCU ndiyo inayotathmini na kuzitambua shahada za nje, na mwajiri wa serikali atadai utambuzi huo. Shahada ya kujitungia itaulizwa maswali zaidi kuliko ya kawaida, kwa hiyo jiandae tangu mwaka wa kwanza. Kila muhula hifadhi muhtasari kamili wa kila kozi kama ulivyogawiwa na mhadhiri, wenye mada za kila wiki, vitabu na namna ya upimaji. Ihifadhi sehemu mbili, kwa sababu akaunti yako ya chuo inaweza kufungwa ukishahitimu na kozi ikabadilishwa jina.

Andaa pia maelezo ya krediti. Krediti moja ya Marekani ni takriban saa moja ya darasa na mbili za kujisomea kwa wiki, kwa wiki 15, yaani karibu saa 45. Krediti moja kwa mfumo wa TCU ni saa 10 za kujifunza. Ndiyo maana shahada ya miaka minne ya kule ina 120 na ya miaka mitatu ya hapa ina 360. Ofisa anayeona 120 bila maelezo anaweza kudhani ni theluthi ya shahada. Ukurasa mmoja wenye hesabu hiyo, uliosainiwa na msajili, uwe juu ya bahasha yako, chini yake andiko lililoidhinishwa na kamati, kisha transkripti, kisha mihtasari kwa mpangilio wa mihula.